Mabega Yangu, Uso wa Sayre

Machi 11, 1907

Barafu imeuachia mto. Tangu jana mchana ilikuwa ikipasuka na kunguruma, na tulipoteremka kwenye banda la mashua asubuhi tulikuta mapande yake yakielea kwenda New York, mengine mapana kama sakafu ya kanisa. Kocha Bascom hakungoja yaishe. "Majini!" akasema, tukaingia majini. Mikono ilinifa ganzi hata sikujua kama nimeshika kasia au nimeshika hewa.

Lakini amenipa kiti cha mapigo. Naandika tena nilione neno lenyewe: kiti cha mapigo. Anayekaa hapo ndiye anayeweka mwendo, na wenzake saba walio nyuma yake hawana cha kufuata ila mgongo wake. Mbele yangu yuko Tibbets peke yake, mshika usukani, mdogo wa umbo kuliko wote hapa Chuo cha Marbury na mwenye mdomo mkubwa kuliko wote.

"Elam Roosa," akaniambia katikati ya mazoezi, "una uso wa mtu aliyekunywa siki."

"Shika usukani wako."

"Nimeushika. Ni hiyo siki tu inayonisumbua."

Machi 14

Mvua. Hatukwenda mtoni.

Machi 15

Mvua. Maharage tena.

Machi 19

Leo amefika mchoraji, Bi Honora Vosburgh, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kiume na vidole vyeusi kwa mkaa. Kamati ya mashindano ya makasia ya Juni inataka bango kubwa la rangi la kubandikwa kwenye vituo vyote vya treni kuanzia Albany hadi New York. Nasema kamati, lakini kila mtu anajua kamati ni Bwana Sayre, aliyetujengea banda la mashua. Mwanawe, Courtland, anakaa kiti cha sita, nyuma yangu kidogo.

Tulipangwa mstari bandani. Bi Vosburgh akapita polepole akitutazama kama mtu anayechagua kabati.

"Wewe. Vua sweta."

Wenzangu wakapiga miluzi. Nikavua.

"Geuka. Inua mkono. Shusha." Akamgeukia Kocha. "Huyu."

"Ndiyo mambo ya siku hizi," akasema Courtland Sayre, "hata farasi wa mkokoteni anachorwa picha." Banda zima likacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia. Huyu ni mtu ambaye milango hufunguka kabla hajabisha hodi. Sijamsikia akitaka kitu akakikosa.

Machi 23

Nimekaa darini juu ya banda mchana kutwa, nimepanda benchi la seremala, kasia mkononi, nimejikunja kama ninayeanza kuvuta. Ukikaa hivyo hata dakika chache, mapaja yanaanza kulia.

"Mabega haya hukuyapata kwa makasia," akasema Bi Vosburgh bila kuinua macho.

"Ni barafu, Bi. Baba alikuwa mkata barafu, kwetu huko juu ya mto. Alipofariki nikashika msumeno wake. Kila msimu wa baridi, mpaka nilipopata nafasi hapa."

"Mzito huo msumeno?"

"Uzito wake si kitu. Kazi ni kuutoa ukinasa."

"Vuta kama umenasa, basi."

Nikavuta. Akaanza kuchora kwa haraka, mkaa ukilia juu ya karatasi, na hakuniambia neno jingine mpaka alipomaliza. Simpendi. Ananitazama kama kwamba mimi ni mimi mpaka shingoni tu.

Machi 30

Nilimkosea Bi Vosburgh. Leo ameniita nitazame. Wanaume wanane ndani ya mashua, na wote wanane ni mimi. "Ninawabadilisha nywele tu," akasema. "Watu wanane hawawezi kutulia pamoja, tena nyie wa chuo ndiyo kabisa." Yule wa mbele, mkubwa kuliko wote, hakubadilishwa kitu. Ni uso wangu. Pua hii iliyovunjika nikiwa mdogo ameiacha ilivyo. Macho yanatazama kitu kisichoonekana kwenye picha, na mdomo umefumbwa kwa nguvu.

Nilisimama pale nikijigusa pua. Kwetu hakuna picha yangu hata moja. Ya baba pia hatuna.

"Vipi, hupendi?" akauliza.

"Napenda, Bi."

"Basi sema, kijana. Wachoraji hawapati pongezi mpaka wazikwe."

Nimemwandikia mama.

Aprili 6

Mama amejibu. Ameshawaambia kanisa zima.

Aprili 9

Mvua na upepo wa kaskazini. Courtland Sayre anakohoa, lakini anakohoa kwa madaha.

Aprili 13

Tumewashinda vijana wa Bellport kwa urefu wa mashua nzima na zaidi. Mwishoni nilisikia mapigo yote manane yakiingia majini kwa sauti moja, na Tibbets akaacha kupiga kelele, akabaki kutabasamu tu kama mtoto. Ni Sayre peke yake aliyeharibu: kasia lilimnasia majini mara mbili.

"Sayre!" Kocha akamwita kwa pembe yake ya bati ya kupazia sauti. "Unavuta au unafukuza nzi?"

Jioni tulikula samaki wa kwanza wa msimu, wenye miba kama brashi. Sayre alikaa karibu nami akasema, "Roosa, leo ulikuwa mzuri." Nikamjibu, "Asante, bwana mkubwa." Akainama kutoa miba. Nilijua imemwingia, nikafurahi.

Aprili 20

Mvua wiki nzima. Mto umejaa, wa kahawia.

Aprili 27

Mabango yamekuja.

Yaliletwa na mkokoteni, yamefungwa kwa kamba, na Bwana Sayre mwenyewe akaja nayo na kofia yake ya hariri. Tulikusanyika bandani wote. Akakata kamba kwa kisu kidogo cha mfukoni, akakunjua moja na kulibandika ukutani kwa misumari, taratibu, kila pembe, kama mtu anayezindua mnara.

Nitaandika nilichokiona. Anga la rangi ya chungwa. Mto wa kijani kibichi kuliko mto wowote ulioumbwa. MARBURY kwa herufi nene nyeupe. Wanaume wanane. Na yule wa mbele, mkubwa kuliko wote, mikono yake ni yangu, na mshipa wa shingo ni wangu mpaka chini ya kidevu. Kuanzia kidevuni kwenda juu ni Courtland Sayre. Pua iliyonyooka, nywele za dhahabu zinapeperuka, na midomo imefunguka kidogo kama anayengoja kupigwa busu.

Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, kwa sababu walianza kunitazama.

"Mbona..." akaanza Tibbets.

"Kitu kizuri sana," akasema Bwana Sayre. "Ndivyo kijana wa Marbury anavyotakiwa aonekane."

Nilimtafuta Courtland kwa macho. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aligeuka akatoka nje kwenye mvua bila koti. Kiburi kimemjaa mpaka hawezi kukaa nacho ndani ya nyumba.

Tibbets alinifuata hadi chumbani. "Nenda ukamwambie Kocha."

"Nimwambie nini? Kwamba naudai uso wangu?"

"Ndiyo! Ungekuwa wangu ningeushtakia mpaka Washington."

Sikucheka. Mama ameshawaambia kanisa zima.

Mei 2

Nilimkuta Bi Vosburgh stesheni, anangoja treni, masanduku yake miguuni. Bango lilikuwa nyuma yake ukutani.

"Ulijua?" nikamwuliza. Hata salamu sikutoa.

"Niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Bwana Sayre alisema uso wako ni wa kibarua. Nikamwambia ndiyo uso pekee pale bandani uliowahi kufanya kazi. Akasema basi, atamtafuta mchoraji mwingine, picha anayo tayari. Nikachukua kifutio."

"Hivyo tu?"

"Unataka niseme nililia? Sikulia." Akanionyesha pembe ya chini ya bango. "Tafuta jina langu. Lilikuwa hapo. Eti jina la mwanamke chini ya wanaume wasio na mashati litaleta maneno. Nina miaka arobaini na nne, Elam. Huwezi kunifundisha jambo hili."

"Wewe ulilipwa."

Treni ikaingia. Akainua masanduku yake mwenyewe, nami nikamwacha ayainue.

Mei 4

Bango liko kwa kinyozi. Liko dukani kwa muuza viatu, posta, na kwenye mlango wa kanisa la Waprotestanti. Wasichana wa mjini wanamsimamisha Sayre njiani.

Mei 8

Kocha aliniita kwenye chumba chake kidogo chenye harufu ya mafuta ya taa. Alikuwa akikwaruza kitu mezani kwa ukucha, hakuwa akinitazama.

"Kaa, mwanangu."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nikabaki wima.

"Treni ya watazamaji ya mashindano ya Juni imeshajaa. Watu wanatoka mpaka Boston. Wanataka kumwona yule wa kwenye bango, kwenye kiti cha kwenye bango. Unanielewa?"

"Sikuelewi."

"Utabadilishana na Courtland. Yeye mapigo, wewe wa sita."

"Hawezi kushika mwendo, Kocha. Unajua hawezi. Ulimwuliza mwenyewe kama anafukuza nzi."

"Ukiwa nyuma yake utamsukuma."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Mimi?" Akainua macho hatimaye. "Mimi naamini banda hili lina paa kwa sababu ya Bwana Sayre. Nimekuwa hapa miaka ishirini na miwili, Roosa. Kabla ya paa hili nilikuwa nazifunika mashua kwa turubai."

Nikamwambia: ama kiti cha mapigo ama sikai humo kabisa. Nikamwambia anipeleke mashua ya pili, pamoja na waliokataliwa, na kwamba sitakanyaga tena mashua ya kwanza hata wakija kunipigia magoti. Niliyasema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi. Wote walisikia.

Nje, Tibbets alinishika mkono wa sweta. "Acha ujinga. Kaa wa sita. Mimi nitakuwa namwangalia yeye, wewe utakuwa unamsukuma, tutafika hivyo hivyo."

"Kikalie wewe hicho kiti cha sita."

"Si wewe peke yako uliye ndani ya ile mashua! Tuko tisa!"

"Wakati wanaubandika uso wake mlikuwa tisa pia. Sikusikia mtu."

Akaniachia mkono. Amekuwa rafiki yangu tangu siku ya kwanza hapa, na leo amekula meza nyingine.

Mei 9

Mvua.

Mei 10

Mvua. Mashua ya pili. Mmoja wetu ana goti bovu, mwingine anasoma theolojia na kuomba msamaha kila akinimwagia maji.

Mei 13

Mvua. Pell amepewa kiti cha sita. Pell, ambaye ni wa akiba na ambaye mwaka jana alitapika kabla ya kuanza.

Mei 15

Mvua. Sayre anakohoa. Siku hizi hakuna madaha.

Mei 22

Kulikucha bila mvua, mto umelala kama kioo. Kocha akazipanga mashua mbili pamoja, maili mbili. Niliwaambia wenzangu wa mashua ya pili neno moja tu: "Nifuateni." Na wakanifuata, mwenye goti na mwanatheolojia na wote. Niliiona mashua ya kwanza ikirudi nyuma yetu, mtu mmoja mmoja, kama mtu anavyohesabu shanga, mpaka nikamwona Sayre mwenyewe usoni. Alikuwa na rangi ya mshumaa. Anavuta kwa moyo wote, hilo siwezi kumnyima, lakini mapigo yake yanapanda na kushuka, na wale saba nyuma yake hawajui wamfuate wapi.

Tuliwashinda. Hakuna aliyeshangilia. Kocha aliigeuza boti yake ya mvuke akarudi bandani.

Mimi nilishangilia ndani yangu. Naandika ukweli.

Mei 29

Mvua. Nimepita mbele ya bango kwa kinyozi nikajikuta nimesimama nikiyatazama mabega yangu. Kinyozi akasema, "Kijana mzuri yule Sayre, au siyo? Tazama mwili ule."

Juni 5

Mitihani.

Juni 12

Sayre anatembea na mkono ubavuni. Tibbets ananisalimu kwa kidevu tu.

Juni 19

Mama amefika. Nilimpokea stesheni, kofia yake nyeusi ya Jumapili, kikapu cha mkate wa mahindi na samaki wa kuokwa kwa moshi. Hakunikumbatia kwanza. Alisimama mbele ya bango.

"Nilikuwa nateremka kila kituo," akasema. "Kondakta akanigombeza. Nikadhani labda kuna mengine, kwamba haya ni ya yule kijana na mengine ni yako."

"Ni haya haya, mama. Wameniweka mwili tu."

"Mwili?"

"Uso ni wa mtu mwingine. Mtoto wa mwenye banda."

Akalikaribia. Hasomi vizuri kwa mbali, lakini hakuwa anasoma. Aliweka kiganja chake juu ya ule mkono uliochorwa, chini ya bega, pale msuli unapokatika.

"Huu ni mkono wa baba yako," akasema. Akauacha mkono wake hapo mpaka watu wakaanza kugeuka kutazama. "Wamempachika baba yako kichwa cha mtoto wa tajiri."

Sikumwambia pale pale kwamba sitakuwa kwenye mashua ya kwanza siku ya mashindano, Jumamosi. Nilimwambia jioni, tukila. Aliuliza kama nimefukuzwa au nimeondoka mwenyewe. Nikasema yote mawili. Akasema, "Hapo kuna moja tu, Elam," akaendelea kutoa miba kwenye samaki.

Juni 21, Ijumaa

Alasiri hii Courtland Sayre alibisha hodi mlangoni kwangu. Alipanda ngazi taratibu, nilimsikia akisimama mara mbili njiani. Nilikuwa peke yangu, mama amelala kidogo kwenye nyumba ya wageni.

"Naomba nikae."

"Kiti hicho."

Akakaa. Alikuwa akipumua juu juu, kama mtu anayeogopa kuziamsha mbavu zake.

"Nina kichomi," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Daktari wa nyumbani kwetu anasema ni baridi tu, kwa sababu baba alimwambia aseme ni baridi tu. Siwezi kumaliza maili nne za kesho, Roosa. Hata maili mbili siwezi."

"Jiondoe, basi."

"Nikijiondoa wanamweka Pell, na Pell hajawahi kukaa kwenye mapigo. Au wanakuita wewe. Lakini ulisema hutakanyaga tena mle hata kwa magoti. Tulisikia wote." Akajaribu kutabasamu. "Nimekuja kwa magoti. Nikipiga kweli sitaweza kuinuka, kwa hiyo nihesabie kama nimepiga. Kesho asubuhi nitasema ninaumwa. Kocha atakuja kwako. Sema ndiyo tu."

"Na baba yako?"

"Baba yangu hawezi kunivutia kasia."

Nilikaa nikamtazama. Nilitaka kiti kile kuliko kitu chochote duniani. Nakitaka hata sasa ninapoandika. Na nilimwona jinsi alivyo, mtoto mgonjwa aliyekuja kuomba, na nikafahamu kwamba siku ile ya mabango hakutoka nje kwa kiburi. Alitoka kwa aibu. Haya yote niliyajua wakati nafungua mdomo. Asiseme mtu kwamba sikujua.

"Nenda kavute," nikamwambia. "Si wewe uliye ukutani?"

"Sikuomba kuwekwa ukutani."

"Lakini hukushuka."

Alibaki kidogo, akitazama mikono yangu. Kisha akasimama kwa kushika ukingo wa meza.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ni kweli." Akatoka, na akafunga mlango vizuri nyuma yake, kama mtu aliyelelewa.

Juni 22

Mto ulijaa meli ndogo zenye bendera. Treni ya watazamaji ilitambaa kando ya maji, watu wamekaa kwenye viti vya mbao vya ngazi ngazi juu ya mabehewa, wengi wameshika mabango wakiyapunga. Mimi na mama tulisimama ukingoni karibu na mwisho, mimi na koti langu la chuo kama mtazamaji yeyote. Nilijiambia mpaka dakika ya mwisho kwamba ataamka asubuhi aseme anaumwa. Kwa nini hakusema? Nimejiuliza mchana kutwa, na jibu ninalo: nilimwambia aende akavute.

Walipotokeza kwenye kona ya mto walikuwa wa pili. Wa pili! Nikasikia mama akisema, "Wanakwenda vizuri wale." Kisha nikamwona Sayre. Kichwa kilikuwa kinaanguka nyuma kila pigo, na kila pigo alikirudisha. Mapigo yake hayakuwa yanapanda na kushuka tena. Alikuwa ameshika mwendo, mwendo wangu ule wa Bellport; sijui alijifunza lini, labda siku zile zote akiwa nyuma yangu akinitazama mgongo. Nilijikuta ninavuta naye, mabega yangu yanakwenda ndani ya koti.

Akakatika. Hakuna neno jingine. Alikuja mbele kuanza pigo na hakurudi. Aliinama juu ya kasia, kasia likamrusha kando, na nyuma yake makasia yakagongana kama vijiti. Nilimsikia Tibbets akipiga kelele jina lake, siyo "vuta", jina lake tu, "Court! Court!" Mashua zote zikapita. Marbury ikafika ya mwisho, ikielea, Tibbets amempakata kichwa mapajani na povu jekundu kwenye mkono wake wa sweta.

Watu kwenye treni walizomea. Wale wale. Mtu mmoja alilichana bango akalitupa majini, wengine wakamfuata, na mvua ilipoanza waliobaki na mabango wakajifunikia vichwa. Yalikuwa yameenea kwenye matope kote. Waliukanyaga uso wake kwa sababu umewaaibisha, na mikono yangu ilikuwa chini ya viatu hivyo hivyo. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu Aprili. Nilingoja nisikie utamu wake.

"Yule kijana ana mama hapa?" mama akauliza.

"Sijui."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

Alinitazama usoni muda mrefu. Sijui aliona nini. Akanipa kikapu nikishike, akashuka kwenye matope na kofia yake ya Jumapili kwenda kumtafuta mama yake Courtland Sayre.

Juni 24

Mama ameondoka. Sayre ataishi. Pafu moja limeharibika, na daktari, safari hii mwingine, amesema hatashika kasia tena. Bwana Sayre amekaa kando ya kitanda siku mbili na hajanyoa ndevu.

Tibbets alinikuta kwenye ngazi za banda. Akakaa, ngazi moja chini yangu.

"Nilimwona Ijumaa akishuka kutoka chumbani kwako," akasema. "Alitaka nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua, ya kufikiri. Sikuihitaji.

"Kuazima soksi."

"Soksi." Akacheka, kisha akaanza kulia, akaniegemea goti. "Na mimi nilidhani amekuja kukutukana. Nisamehe, Elam. Ulikuwa na haki tangu mwanzo. Wangekuacha pale ulipokuwa, haya yote yasingetokea."

Nikamwekea mkono begani.

Juni 26

Leo timu imechagua nahodha wa mwaka ujao, kama desturi, kabla watu hawajatawanyika. Tulikaa bandani juu ya mashua zilizogeuzwa. Ukutani palikuwa patupu. Kocha alilibandua bango mwenyewe, kukabaki matundu ya misumari tu.

Sayre aliletwa kwenye kiti, kifua kimefungwa vitambaa mpaka shingoni. Hakutakiwa kuja. Hakunitazama.

"Pendekezeni," akasema Kocha.

Kabla mtu hajakohoa, Sayre akainua mkono. Ilimchukua muda kuuinua.

"Elam Roosa," akasema. Sauti yake imebaki nusu. "Aliyestahili kiti kile ni yeye. Sote tulijua. Mimi nilijua kuliko wote."

Mikono yote ikainuka. Pell, Tibbets, hata mwanatheolojia. Kocha Bascom alifuta macho kwa upande wa ngumi akasema, "Hili tumelirekebisha, angalau." Wakaanza kugonga mbao kwa viganja wakiita jina langu, wakitaka niseme neno.

Nikasimama. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, kuhusu ile Ijumaa, fupi, na ingetosha. Sayre sasa alikuwa ananitazama. Hakuwa ananitisha, hakuwa ananiomba. Alikuwa ananingoja tu, kama mtu anavyomngoja mwenziwe aliyechelewa kidogo njiani.

"Asanteni, ndugu zangu," nikasema. "Mwaka ujao tutashinda."

Banda likalipuka. Walinibeba. Waliponishusha chini Sayre alikuwa mbele yangu, anainuka kwenye kiti kwa kujishika, akanipa mkono.

"Hongera, nahodha."

Nilitafuta kejeli kwenye sauti ile. Nimeitafuta mpaka sasa. Haikuwamo.